Wati Mia za Bourhane

Asubuhi nzima Chamsia alipepeta mchele wa harusi huku akimeza hasira. Binti yake Kaltoum anaolewa leo, na yeye mwenyewe ametunga wimbo. Ndani yake amemtaja bintiye na marehemu mama yake mwenyewe. Desturi ya Mutsamudu, wimbo wa nyumba ya bibi harusi usikike hadi bangwe, uwanjani wanapobarizi wazee.

Lakini mumewe Bourhane hakubanduka kwenye amplifaya mpya ya kukuza sauti.

"Wati mia!" alijisifu tena. "Ile kuukuu, ya taa za kioo badala ya transista, ilikuwa thelathini tu."

"Ile ilinguruma, Baba Kaltoum. Hii inakwaruza."

"Basi tuizidishe ingurume!"

Akazungusha kidude cha sauti hadi mwisho. Spika moja ikapiga kelele, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Chamsia aliweka ungo chini. Mume huyu atamtoa roho! Imebaki spika moja. Vitu hivyo vilinunuliwa soko la Volo Volo, kule Moroni, kisiwa kingine, na tangu visiwa vigombane meli hazivuki. Nyingine itatoka wapi?

Akamwita wifi yake Nouriat, fundi mitambo aliyefanya kazi redioni Moroni kabla ya vurugu kumrudisha nyumbani.

"Kaka, wati mara tatu si sauti mara tatu," Nouriat alisema. "Ili sikio lisikie sauti mara mbili, wati ziongezeke kama mara kumi."

"Mbona ile ya taa ilivuma?"

"Ile ukiizidishia hukata ncha za mawimbi ya sauti kwa upole, sikio likadhani ni nguvu. Hii ya transista ikifika mwisho huzikata ghafla. Ikikwaruza inakuomba upunguze, nawe unaongeza! Ndiyo maana spika imeungua."

Akapunguza mpaka kukwaruza kukaisha. Spika iliyobaki, iliyokuwa sakafuni nyuma ya makochi, akaitoa nje, akaiweka juu kuliko vichwa vya watu, akaielekeza bangwe.

"Na maikrofoni iwe karibu na mdomo, wifi."

"Haitafika," Bourhane alinung'unika.

Alasiri Chamsia aliimba. Bourhane alipopeleka mkono kwenye kidude, mkewe alimpiga kofi vidoleni bila kukatiza ubeti.

Wimbo ulipokwisha, jirani yao Mzee Chanfi alikuja kutoka bangwe.

"Harusi za mtaa huu zimenguruma miaka mingi," alisema. "Leo ndiyo kwanza nasikia maneno. Umemtaja mama yako, Mungu amrehemu."

Machozi yakamlengalenga Chamsia.

"Umeona?" Bourhane alisema, kifua mbele. "Wati mia hizo!"