Mabomba Hayajapulizwa

Kila asubuhi Natabo alipitia kwa akina Umulkheir, wakaenda shule pamoja wakipiga soga. Asubuhi hiyo Umulkheir hakumngoja. Natabo alimkuta langoni mwa shule, amenuna.

"Mama yangu amemwaga maziwa tena," Umulkheir alisema kwa ukali. "Mitungi mizima imeharibika! Si mama yako alisema kiwanda kitafunguliwa wiki iliyopita? Ama hajui kazi yake?"

Wanafunzi waliokuwa karibu wakacheka. Natabo alihisi uso wake ukiwaka.

Mama yake, Akolong, alikuwa mhandisi wa kiwanda kipya cha maziwa ya ngamia hapo Isiolo. Maziwa yangechemshwa kwa mvuke kutoka kwenye boila, tangi kubwa la kuchemshia maji, lakini Akolong alikataa katakata mvuke kuingia kwenye mabomba kabla hayajapulizwa kwa hewa yenye nguvu. Kompresa ya kwanza, mashine ya kusukuma hewa hiyo, ilikuwa imeharibika, na siku hiyo alikuwa ameenda Meru kuleta nyingine.

Natabo aliyajua hayo yote. Hata hivyo, hasira zilimpanda.

"Mabomba yalishasafishwa!" alifoka. "Mama yangu amemaliza kazi yake. Muulizeni meneja kwa nini anawachelewesha!"

Mchana, Umulkheir alipoenda nyumbani kula, alimweleza mama yake maneno hayo.

Jioni Natabo alipokuwa akitoka shule, alisikia kelele kiwandani. Wauza maziwa walikuwa wamemzingira meneja, Bwana Galgalo. Umulkheir alikuwa hapo pia.

"Hata mtoto wa mhandisi amesema mabomba ni safi!" Mama Umulkheir alipaza sauti. "Unatuona sisi wajinga?"

"Mhandisi nampigia simu, hapatikani," Galgalo alijibu kwa hasira. "Haya! Kama mwanawe amesema, mimi ni nani? Boila imewashwa tangu mlipofika. Ingieni mjionee mvuke wenyewe!"

Akina mama wakaingia ndani, wakasimama karibu na matangi ya kuchemshia. Natabo akakumbuka maneno ya mama yake: vipande vya chuma hubaki ndani ya mabomba yanapochomelewa, na mvuke ukivisukuma, huruka kama risasi. Alitamani kukimbilia nyumbani. Lakini akajipenyeza mpaka mbele.

"Zimeni!" alipiga kelele. "Nilidanganya! Mabomba hayajapulizwa!"

Galgalo akakimbia kuizima boila. Vali ya mvuke ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Mtoto gani wewe?" Mama Umulkheir alimkaripia. "Ulitaka kutuua?"

Umulkheir alikuwa akilia kwa hasira. "Na ni mimi niliyempelekea mama uongo wako!"

Kesho yake, Akolong alirudi na kompresa nyingine, akaelezwa yote. Aliwaondoa watu wote wakasimama mbali. Akasimamisha bati mbele ya mdomo wa bomba, akajaza hewa, kisha akafungua vali. Bomba lilinguruma mpaka watu wakaziba masikio. Kutu na mchanga vilitoka kama wingu jekundu. Vumbi lilipotulia, waliona kipande cha chuma kimetoboa bati na kukwama hapo hapo.

Akolong alirudia kazi hiyo tena na tena, mpaka bati jipya likabaki bila alama. Ndipo alipoagiza boila iwashwe. Mvuke ulipita salama, na maziwa ya kwanza yakaanza kuchemka.

Hakuna aliyepiga makofi. Akolong alimgeukia Galgalo, macho makali.

"Bwana Galgalo, wewe ni meneja. Unawasha boila kwa maneno ya mtoto? Ungeningoja."

Galgalo aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mhandisi."

Natabo alimwendea Umulkheir na mama yake, akawaomba msamaha huku machozi yakimtoka. Mama Umulkheir akamshika bega. Umulkheir akabaki amesimama karibu naye.

Akolong akamwita Natabo, akamwonyesha bati lililotobolewa.

"Mama wa rafiki yako alikuwa amesimama karibu na bomba hili," alisema. "Kukasirika kila mtu hukasirika. Hata mimi sasa nimekukasirikia sana. Lakini uongo uliosemwa kwa hasira huumiza watu hata hasira ikiisha. Ulifanya vyema kusema ukweli mbele ya wote. Siku nyingine ukitaka kunitetea, anza na huo ukweli, hata kama watakucheka."