Nusu ya Njia Iliyobaki

"Elfu nane, mwalimu! Nilikubatia mkononi, noti juu ya noti, kabla hujaandika hata namba moja kwa ule ubao. Sasa unaniambia unaenda Meru?"

Mwalimu Mwenda alisimama langoni, begi begani, suruali ameikunja hadi magotini kwa sababu ya matope. "Mama Fosia, mke wangu amekaribia kujifungua. Ni mtoto wetu wa kwanza. Nitarudi."

"Basi rudisha nusu. Umefundisha nusu, rudisha nusu. Mimi ni mtu ya haki."

"Hiyo nusu nimemtumia Kananu ya hospitali."

"Kwa hivyo besa hakuna, na somo hakuna!"

Sharifo akipandwa na hasira, p zake zote huwa b, na majirani wa mtaa wa Galbet hujua kwa hilo tu kwamba mambo yameharibika. Wawili walikuwa wameshachungulia juu ya ua.

"Somo lipo," mwalimu akasema kwa upole wake. "Unanidai nusu ya kalkulasi. Nitailipa yote."

"Haya, nenda. Lakini usife kabla hujaniliba!"

Mwalimu akacheka. Sharifo mwenyewe nusura acheke. Kisha yule kijana akaingia kwenye jioni yenye mawingu, akielekea darajani, na lango likajifunga nyuma yake.

Huyu Sharifo alikuwa muuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi. Alizaliwa Kutulo, akachunga mbuzi, darasa hakulikanyaga. Hesabu alijifundisha mwenyewe kwa vikombe: lita, nusu, robo. Maziwa yake hayakutiwa maji hata siku moja. Hakudai mtu kisicho chake, na chake hakumwachia mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja. Ukimsifu kwa hilo, alinyoosha shingo kama ngamia aliyeona kisima.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Fosia, wa kidato cha nne. Fosia alitaka kusomea uhandisi wa maji, na huko bila hesabu hupokelewi. Lakini mwalimu wa hesabu shuleni kwao alikuwa ameomba uhamisho, kama walimu wengi wa bara walioogopa mashambulizi au waliochoka, na kikabaki kiti chake. Kalkulasi haikuguswa kabisa. Sharifo akauzunguka mji akitafuta mtu wa tuisheni. Kijana mmoja wa chuo, Billow, alikuja jioni mbili. Jioni ya pili Sharifo akamkuta anamtazama Fosia kuliko ubao, akamtoa kwa ufagio. Ndipo akaelekezwa kwa Mwenda, Mmeru, mwalimu wa shule nyingine aliyekuwa amepanga chumba mtaa huo huo, mtu mpole, mwenye kuijua hesabu kama mtu anavyoijua njia ya kwao.

Mwenda alifundishia barazani, kabla ya giza, mlango wazi, mama mtu akiwa karibu anafukiza vibuyu vyake vya maziwa. Siku ya kwanza alisema hivi:

"Chukua mtu anayetoka hapa kwenda kwao. Leo atembee nusu ya njia. Kesho atembee nusu ya iliyobaki. Kesho kutwa, nusu ya hiyo iliyobaki tena. Atafika lini?"

Fosia akafikiri. "Hafiki, mwalimu."

"Hafiki. Lakini kila siku anakaribia. Hapo ndipo kalkulasi inapoanzia."

"Huyo mtu ni mjinga?" Sharifo akadakia kutoka kwenye moshi wake. "Si apige hatua moja kubwa, aingie nyumbani alale!"

Walicheka wote watatu.

Sasa, jioni ile ya ugomvi, mvua za Aprili zilikuwa zimeufanya mto uvimbe, na ng'ambo ya daraja barabara ilikuwa imezama. Magari yalisimama. Wasafiri wengine walikaa wangoje boti. Mwenda hakungoja. Waliokuwepo walimwona akiingia majini na begi kichwani. Maji yakamfika kiunoni. Yakamfika kifuani. Akafika katikati...

Hapo katikati ndipo walipomwona mara ya mwisho.

Walimtafuta mpaka maji yakashuka. Hakupatikana, si yeye wala begi.

Shule aliyofundisha ikafanya maombi uwanjani. Kananu, mjane wake, aliletwa kutoka Meru, tumbo limemlemea, ameshikwa mikono huku na huku. Mchungaji Lazarus akaomba. Kisha Sheikh Khalif, kwa heshima ya ujirani, akamfanyia marehemu lile linalofanyiwa maiti wa mji huu. Aliuliza kwa sauti: "Kuna mtu anamdai huyu? Aseme sasa, ama amsamehe, asiende na mzigo."

Wageni wa bara wakatazamana, hawakuijua desturi hiyo. Wenyeji waliijua, na jibu lake pia walilijua. Pale husemwa, tumemsamehe. Ukiwa na dai zito, utaifuata familia baadaye, kimya kimya.

"Tumemsamehe," sauti zikasema. "Tumemsamehe."

Sharifo alikuwa hajalala tangu habari zile zije. Yale maneno yake ya langoni yalikuwa yamemkaa kooni kama mfupa. Angeweza kulia. Lakini yeye kulia hakukuzoea. Alichozoea ni kukasirika. Akasimama.

"Mimi namdai. Nusu ya kalkulasi. Sijamsamehe."

Mwanamke mmoja akamvuta shungi akae. Sheikh akainamisha macho. Na Kananu akageuza kichwa polepole, akamtazama Sharifo usoni, muda mrefu, kama mtu anayekariri sura.

Siku chache baadaye, Sharifo alirudi kutoka sokoni wakati jua linazama. Alipokaribia lango lake akasikia harufu. Si moshi wala maziwa. Matope... matope ya mto, mabichi, na ndani yake harufu ya chaki iliyolowa.

Akasimama.

Barazani Fosia alikuwa anazungumza. "Ndiyo, mwalimu... Kwa hiyo nikate vipande vyembamba... vyembamba zaidi... halafu nivijumlishe."

Kimya. Kama mtu anajibiwa.

"Nimeelewa, mwalimu."

Sharifo akasukuma lango. Fosia alikuwa peke yake mbele ya ubao. Kiti cha plastiki cha mwalimu kilikuwa kimelowa, maji yakidondoka kwenye ukingo wake. Tap... tap... Na ubaoni kulikuwa na mwandiko ambao Sharifo, asiyejua kusoma, aliujua kwa umbo lake. Ulilalia kulia, kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.

"Fosia. Nani alikuwa hapa?"

"Mwalimu, Hooyo," akamjibu mama yake. Macho ya msichana yalikuwa matulivu mno. "Amerudi kumaliza. Tumeanza eneo chini ya mstari uliopinda."

"Umemwona?"

"Siangalii nyuma. Ameniambia nisiangalie."

Sharifo alisoma kwa kichwa kila aya ya Kurani aliyoihifadhi. Akafukiza ubani nyumba nzima. Jioni iliyofuata, jua lilipogusa paa za mabati, ile harufu ikaja tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Akamwendea Sheikh Khalif, asubuhi kweupe.

"Ni jini, sheikh?"

"Sijui ni nini," mzee akasema. "Huenda ni jini lililosikia maneno yako likajivika sura yake. Huenda ni yeye. Ninachojua ni kwamba mtu wa deni hushikwa na deni lake. Wewe ndiye umeshika kamba, mama. Sema umemsamehe. Sema kwa moyo, uachilie."

"Leo leo?"

"Ulitaka lini?"

Sharifo alirudi akiwa ameazimia. Wallahi, alikuwa ameazimia. Lakini mchana ule Fosia aliingia mbio na matokeo ya mtihani wa majaribio, anatetemeka kwa furaha. Hesabu, iliyokuwa ikimliza, alikuwa ameongoza darasa zima. "Swali la kalkulasi nimelipata lote, Hooyo! Mpaka mwalimu mkuu ameuliza nani ananifundisha."

"Ukamwambiaje?"

"Mtu wa jirani."

Sharifo akamkumbatia mwanawe. Na juu ya bega la mtoto, akakitazama kile kiti.

Bado mada moja, alijiambia. Akimaliza, nitamsamehe. Nilimlipa, si bure.

Jioni ile alikaa mwenyewe barazani baada ya somo, Fosia akiwa ndani anaswali. Giza lilikuwa linaingia. Hakutazama kilichokuwa kitini. Alitazama mikono yake.

"Mwalimu..."

Maji yakadondoka. Tap.

"Mama Fosia." Sauti ilikuwa ndogo, imejaa mchanga. "Niruhusu niende."

"Umebakisha."

"Nikitoka hapa natembea kwenda kwetu. Natembea nusu ya njia. Halafu jioni yako inaniita, nakuja. Nikitoka tena, naanza pale nilipoachia, natembea nusu ya iliyobaki." Pumzi nzito, yenye maji. "Taa za nyumbani naziona. Mtoto amezaliwa. Namsikia akilia... sifiki, mama. Nakaribia tu."

Machozi yalimtoka Sharifo. Hayo ni kweli, yalimtoka, na hakuyafuta. Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa pale pale nyuma ya meno. Lakini ndani ya nyumba alisikia sauti ya Fosia inamaliza sala, sauti ya mtoto ambaye hatachunga mbuzi wala hatauza maziwa kwenye vumbi.

"Maliza kwanza," akanong'ona.

Kiti kikalia, kama mtu amesimama.

Mwalimu hakuomba tena. Alikuja kila magharibi, akafundisha, akaondoka. Fosia alikonda kidogo, lakini akili yake ilikata kama wembe. Sharifo naye aliacha kufukiza vibuyu barazani. Maziwa aliyoyaweka hapo yalianza kuwa na ladha ya mto, na wateja wake wa miaka mingi wakamuuliza kama siku hizi anatia maji. Yeye! Akagombana nao wote. Usiku alilala akijiambia: nimelipa, nadai changu tu.

Novemba ikafika. Siku ya karatasi ya mwisho ya hesabu Fosia alirudi anatabasamu, akavua viatu, akajilaza mkekani akalala mchana kutwa kama mtu aliyetua gunia.

Jua lilipoanza kushuka, Sharifo alitandika shuka safi juu ya kile kiti. Akasimama mbele yake. Harufu ilikuwa ndiyo kwanza inaingia langoni.

"Mwalimu Mwenda," akasema kwa sauti, bila kunong'ona, majirani na wasikie. "Umenilipa. Sikudai kitu. Nimekusamehe, na kwa Mungu nimekuachilia. Nenda."

Upepo ukapita.

Harufu ikakatika, ghafla, kama uzi.

Sharifo akagusa shuka. Kavu. Akaketi chini akalia kwa sauti sasa, kilio alichokuwa anadaiwa tangu siku ya uwanjani, na moyo wake ukawa mwepesi. Aliona amelipa haki. Aliona yamekwisha.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha zamani simu yake ilipolia. Namba asiyoijua.

"Mama Fosia?" Sauti ya mwanamke, chini sana. "Ni Kananu. Mke wa Mwenda. Namba nimepewa na Mchungaji Lazarus."

"Walaal... karibu, dada yangu. Mtoto mzima?"

"Mzima. Nataka kukuambia kitu. Jioni zote hizi kuna mtu amekuwa akija kwetu."

Sharifo akashika ukuta.

"Mwanzo nilimsikia mbali, kule chini barabarani. Siku nyingine akafika kwenye shamba la majani chai. Halafu kwenye zizi la ng'ombe. Halafu uani. Miguu yenye maji, mama, lakini mwendo niliujua. Wengine walisema tuhame, mimi nikakataa. Kila siku karibu kidogo... karibu kidogo. Wiki hii alikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia anapumua. Mtoto akiwa analia, akimsikia ananyamaza. Nilimwekea kiti."

"Na leo?" Sharifo akauliza, ingawa hakutaka kujua.

"Leo nimefungua mlango mapema. Nimekaa kizingitini na mtoto, ili ile njia iliyobaki niimalize mimi, nimshike mkono. Jua limezama. Hajaja."

Mtoto alisikika akilia kwa mbali, kilio cha kuchoka.

"Nimemsamehe," Sharifo akasema. "Nimemwachilia, dada. Apumzike."

"Lini?"

"Leo."

"Leo," Kananu akarudia. Kisha akauliza taratibu: "Mtihani umeisha?"

Sharifo akakitazama kile kiti chenye shuka safi.

"Siku ile uwanjani sikuijua desturi yenu," Kananu akasema. "Nilikutazama tu, nikajifunza. Mtu anaulizwa, anasema anadai, na hasamehi. Basi na mimi nakudai."

"Dada, sema. Pesa... ngamia ninao wawili kule Kutulo, nitauza. Sema unataka nini, mimi nalipa, mimi ni mtu ya haki..."

Harufu ya matope ilikuwa imerudi. Safari hii haikuingia kwa lango, ilitoka miguuni pake mwenyewe. Sharifo akainamisha kichwa kwenye giza, akahisi maji yakimpanda vidole vya miguu, baridi, na nyumba nzima kavu.

"Nataka mume wangu."