Aliyeikalia Kamba ya Ndumbe

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe unayepasua karanga, weka sahani chini. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nikianza sitaki kusikia sauti nyingine humu ndani.

Ndumbe, mke wa Masamba, wa pale Bargny, mji wa wavuvi, alitaka bustani. Hakutaka makuu. Mumewe alikuwa mpishi wa melini, na kila akirudi likizo alikaa kwenye kiti cha plastiki akautazama ua wao wa mchanga na magamba ya kome, akasema, "Hapa pangekuwa na kivuli, ningeacha bahari." Neno lile lilimwingia Ndumbe. Safari hii Masamba akirudi, akikute kivuli.

Sasa, jirani yao alikuwa ameleta mkandarasi kabla hajajua anachotaka, akajengewa bwawa la samaki palepale mbuzi wanapolala. Mbuzi wakawa ndio wenye bwawa. Ndumbe akasema yeye hafanyiwi hivyo. Kwanza ajue mwenyewe jua linapiga wapi mchana, maji ya mvua yanatuama wapi, mwarobaini ukikaa hapa hautasukuma ukuta? Ndipo fundi aitwe. Basi akashinda anazunguka ua na binti yake Sinabu, mtoto wa miaka saba asiyejua kunyamaza, wanapima kwa hatua, wanachora mchangani kwa kijiti, wanafuta, wanachora tena.

Ikabaki kupigilia vigingi na kufunga kamba, ili fundi akija aione bustani kabla haijakuwepo. Vijiti vya kawaida vikavunjika kwenye yale magamba. Ndumbe akakumbuka michi iliyokatika ya marehemu mama mkwe, imelala nyuma ya jiko, mti mgumu kama mfupa. Akaikata vipande, akaichonga ncha, akaipigilia kuzunguka ua wote. Chokaa ya kuchora mistari hakuwa nayo. Alikuwa na unga wa mawele ulioingia fukusi, akaumwaga kufuata kamba, njia hapa, kitanda cha maua pale. Upepo ukaanza kuuchezea. Akaunyunyizia maziwa ya mgando yaliyochacha, ukashika.

Wifi yake Arame akaingia, mikono kiunoni.

"Wifi! Ardhi umeiandalia chakula, mimi hata kikombe cha chai sijakiona?"

"Ukipewa chai utanyamaza?"

"Sijawahi."

"Basi chai ya nini?"

"Haya, twanga tu. Kaka yangu kaoa mwanamke wa kutwanga udongo."

Wakacheka mpaka wakashikana. Na wote wawili ni Walebu, kabila la wavuvi wa pwani ile, wamekua wakiona kwenye pembe za nyumba za watu mchi umesimikwa ardhini, unamwagiwa mawele na maziwa, kikao cha pepo wa ukoo ule. Wanakijua. Lakini Ndumbe alikuwa na bustani kichwani, na mtu akiwa na bustani kichwani, kigingi ni kigingi.

Kesho yake baada ya chakula, jua likiwa la utosi na mtaa mzima umelala, Ndumbe alitoka kutupa maji akaona kamba ya upande wa lango imelegea katikati. Akaikaza. Akarudi na ndoo, imelegea tena. Haikulegea kama kamba inavyolegea. Ilikuwa imebonyea mahali pamoja, imevutika, kama inavyobonyea kamba mtu akiikalia.

Akaikaza mara ya tatu akaiangalia. Mbele ya macho yake ikashuka taratibu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Akajisemea ni joto. Lakini jioni unga wa mstari ule haukuwepo, mchanga ulikuwa safi na umelowa, na ua wote ulinuka maziwa, si yale yaliyochacha, maziwa ya moto yaliyotoka kwenye chuchu sasa hivi, yamechanganyika na utelezi wa samaki. Mbuzi wa jirani aliyezoea kuingia alifika langoni, akasimama, akajikojolea.

Mchana uliofuata akamkuta Sinabu amechuchumaa kando ya kamba, anazungumza kwa sauti ya chini. Sinabu huyo, ambaye sauti yake ilisikika mpaka msikitini!

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na huyu."

"Huyu nani?"

"Ndicho anachoniuliza, mama. Ananiuliza yeye ni nani. Nikamwambia sijui. Akasema basi nimpe jina."

Ndumbe akamnyakua mtoto akamwingiza ndani. Tangu hapo Sinabu akakataa wali, akakataa samaki, akawa anataka maziwa tu, na akinywa alinywa bila kumeza, yanashuka tu kama yanamwagwa kisimani. Kisha likaja lililo baya zaidi. Alimwita, "Sinabu!" na mtoto hakugeuka, hata kope hazikucheza, lakini kule uani kamba zote zikatetemeka.

Akaita tena, kwa kunong'ona. Kamba zikatetemeka.

Fundi mkandarasi, Gorgi, akafika siku hiyo hiyo kama walivyopatana. Mtu mcheshi, tumbo mbele. Akaisifu kazi. "Mama, umeniachia nini cha kufanya? Hapa mimi ni wa kumwagilia tu!" Akainama kwenye kigingi kimoja. "Hiki tu kisogee kidogo, njia ipanuke." Akakivuta.

Ndani mtoto akapiga yowe. Ndumbe akakimbia akamkuta amekaa kitandani damu inatoka kwenye fizi, jino limeng'oka na mzizi wake, halikuwa limelegea hata kidogo. Alipotoka nje kupiga kelele, "Acha! Usivute, baba, nakuomba, usivute!" Gorgi alikuwa ameshakiachia, na kigingi kilikuwa kinajirudisha chenyewe ardhini, taratibu, kama kinavutwa na mtu wa chini. Fundi yule aliondoka bila viatu. Mpaka leo hajavifuata.

Arame ndiye aliyekwenda kumleta Bibi Tabara, mganga wa mapepo, mwanamke mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Alisimama langoni hakuingia. Akavitazama vigingi, akatazama mistari, akajishika mdomo.

"Nani kasimika hivi?"

"Mimi, bibi. Ni vigingi tu. Nilikuwa napanga bustani."

"Mchi umesimika. Mawele umemwaga. Maziwa umenywesha. Umemkaribisha, mwanangu, na jina hukumtaja, kwa hiyo kaja asiye na jina. Hao ndio wabaya. Mwenye jina ana kwao, anarudi. Huyu kwao ni hapa."

"Mtoe!"

"Aliyekalishwa hatolewi. Anapewa jina, akilikubali anatulia kwenye mchi wake na mtoto anamwachia. Asipopewa, atachukua la mtoto. Kashaanza."

Wakamtoa Sinabu ndani, wakamlaza uani kwenye mkeka, wakamfunika nguo nyeupe. Bibi Tabara akaingia, akapiga kibuyu, akataja jina la kwanza, na kutoka chini ya nguo ikatoka sauti iliyojaa mate, sauti ya mtu mzima mwenye kinywa kimejaa maziwa: "Bovu." Akataja la pili. "Tupu." Akataja ya mababu, ya visima, ya mapepo ya zamani ambayo hata yeye alikuwa hajayatamka tangu ujana wake, na kila jina lilitemwa, na kila likitemwa nguo ile juu ya mtoto ilishuka kidogo zaidi, ikashuka pale penye kifua, ikashuka pale penye tumbo, mpaka Ndumbe akaona, na akakataa kuona, kwamba chini ya nguo hakuna umbo la mtoto aliyejaa, kuna kitu kinachopungua kama unga kwenye mfuko uliotoboka.

"Hayana watu ndani," ikasema sauti. "Nipe lenye mtu. Nipe la huyu."

Arame akalia, "Wifi, anaisha! Mtoto anaisha!"

Ndumbe akatambaa mpaka kwenye kamba ya langoni, pale palipobonyea, akapiga paji la uso mchangani. "La kwake ni dogo," akasema. "Ni la miaka saba tu, utashiba nini? Chukua langu. Limezaa, limezika, limependwa. Chukua Ndumbe."

Bibi Tabara akafumba macho. "Mwanangu, ukishalitoa, si lako tena."

"Chukua Ndumbe!"

Kamba ikakazika yenyewe ikalia kama waya. Chini ya nguo Sinabu akavuta pumzi, akapiga chafya, akasema kwa ile sauti yake ya kufika msikitini, "Mama, njaa!"

Masamba alirudi mwezi uliofuata. Akasukuma lango, begi begani, akaita kwa furaha, "Ndumbe!"

"Abee," ikaitika sauti kutoka uani, na uani hapakuwa na mtu.

Mkewe akatoka jikoni mbio, akamziba mdomo kwa kiganja. "Niite Mama Sinabu," akanong'ona. "Nakuomba, mume wangu. Lile usiliite tena." Na maisha yake yote hakuna aliyeliita pale nyumbani, na yeye hakumweleza Sinabu sababu, asije mtoto akajiona ndiye aliyemponza.

Alipofariki Mama Sinabu, nyumba ilibaki kwa Masamba. Nguo zake za sikukuu alirithi Arame, akazilia kabla ya kuzivaa. Bangili za fedha na ule ua usio na mti alirithi Sinabu, akazaa humo binti wa kwanza. Kwao binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake. Arame alimshika Sinabu mkono, akamweleza yote, akapiga magoti.

"Shangazi," Sinabu akasema, "mama yangu asipate hata mtu mmoja wa kuitwa kwa jina lake?"

Imamu akainama, akalinong'oneza sikioni mwa mtoto. Mtoto alikuwa amelala, akaendelea kulala. Kutoka uani ikaitika ile sauti, kwa upole, kama iliyongoja sana.

Jina la Ndumbe lilirithiwa na mtoto yule. Mtoto yule akarithiwa na wa uani.