Chapa ya Kila Kisima

Kong'! Kong'! Kong'! Kengele za mbao zilisikika kabla ya kitu chochote kuonekana. Kisha vumbi likapanda, na shingo ndefu za ngamia zikachomoza. Hinda alimeza chai yake ya maziwa, akakaza hijabu na kutoka mbio. Siku ya chanjo ilikuwa imefika Modogashe!

Wanafunzi wawili wa chama cha kompyuta walikuwa wamepewa kazi ya watu wazima. Hinda alisimama kwenye kisima cha magharibi, na Siyad, binamu yake, kwenye kisima cha mashariki. Kila ngamia aliyedungwa sindano waliandika chapa na nambari yake kwenye kishikwambi. Visimani hakukuwa na mtandao, kwa hiyo Hinda alikuwa ametunga programu: vishikwambi vikiwekwa karibu, vinapeana orodha. Aliionea fahari kuliko viatu vyake vya Idi.

Siyad alimaliza mapema, akapeleka orodha yake kwenye kishikwambi cha Daktari Rahmo, daktari wa mifugo. Alasiri Hinda naye akapeleka yake. Lori la kwenda mnadani Garissa lilikuwa tayari linanguruma. Nyanya yao, Ayeeyo Abshiro, alisubiri kibali cha kusafirisha ngamia wake.

"Simwoni hata mmoja wa ngamia wako hapa kwenye orodha," Daktari Rahmo alisema.

"Wallahi wamedungwa! Niliwashika mwenyewe kwenye kisima cha mashariki!" Ayeeyo alimaka.

"Nakuamini, mama, lakini bila rekodi siwezi kuandika kibali. Na siwezi kuwadunga tena kwa kubahatisha."

Hinda alimgeukia Siyad. "Ulilala kivulini, wewe!"

"Mimi? Nilale, na ngamia wananitemea mate tangu asubuhi? Ninuse kama huamini!"

"Basi lete kishikwambi chako nikifananishe na changu. Programu yangu haikosei."

Siyad alikikumbatia kishikwambi kama mtoto wa mbuzi. "Hukigusi! Kazi yangu yote imo humu. Tazama pale kwenye birika la maji. Ngamia wa Mzee Dubow wamekuja mwisho. Je, wamefuta chapa za ngamia wa Ayeeyo?"

Hinda alitazama. Makundi mawili yalikunywa bega kwa bega, yamechanganyika kabisa, na kila ngamia bado alibeba chapa ya mwenyewe. Alifungua programu, akasoma mstari alioandika yeye: orodha mpya iondoe ya zamani.

"Ni mimi," alisema polepole. "Orodha yangu ilifika mwisho, ikafuta yako kwa daktari. Ungenipa kishikwambi chako, ingeifuta na humo."

Dereva alipiga honi. "Wataalamu, naondoka!"

"Dakika chache tu, abti!" Hinda alimsihi dereva kama mjomba wake, vidole vyake vikiruka kwenye kioo. "Siyad, sikiliza! Kila kishikwambi kipate chapa yake, kiandike chini ya chapa hiyo tu. Vikikutana, vichanganye orodha, visifute kitu!"

"Na ngamia akiletwa mara mbili?"

"Bado ni ngamia mmoja!"

Kwanza walijaribu kwa mbuzi wa kubuni, orodha mbili ndani ya kishikwambi cha Hinda. Wakatanguliza orodha ya Siyad, kisha ya Hinda. Wakageuza, ya Hinda ikatangulia. Jibu likawa lile lile! Ndipo Siyad alipokubali kukiachia kishikwambi chake. Vishikwambi vitatu vilipewa programu mpya, vikawekwa pamoja, na chapa za ngamia wa Ayeeyo zikajaa kwenye kioo cha daktari.

"Hao! Hao!" Ayeeyo alipiga vigelegele hadi ngamia wakageuka kumtazama.

Daktari Rahmo aliandika kibali, kisha akawatazama wote wawili. "Hinda, kukosea katika kazi mpya si aibu. Aibu ni kumlaumu mwenzako kabla hujaikagua kazi yako. Mkifanya kazi pamoja, jasho la kila mmoja lihifadhiwe, awe alitangulia au alichelewa."

Lori liliondoka, kengele za mbao zikilia juu yake. Hinda alimwendea binamu yake, vumbi likiwa limewafunika wote.

"Siyad," alisema kwa sauti, ili Ayeeyo naye asikie, "nakuahidi: sitafuta tena kazi ya mtu, na sitamlaumu mtu kabla ya kujikagua mimi kwanza. Hata akinuka mate ya ngamia!"