Matope ya Tarcisio

Sijui kwa nini watu wakishashiba hutaka kutishwa. Kila wakija kunywa mvinyo wangu huuliza habari ya Olindo na baiskeli ya marehemu, na wakishasikia huogopa kwenda chooni peke yao, halafu lawama kwangu. Haya. Naiandika mara moja kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu, na asiniulize mtu tena.

Ilianza na mlio mdogo. Olindo Scaravelli, fundi wa baiskeli kuukuu, alikuwa anakunywa supu ya mchana akasikia gurudumu likizunguka chini kwenye karakana yake: tiki-tiki-tiki, kama linavyolia mpandaji anapoacha kukanyaga pedali. Nives, mkewe, akamwuliza kama ameacha mtu huko chini. Olindo akasema ni upepo. Nives akatazama nje. Hata jani halikutikisika.

Huyu Olindo alitengeneza aina moja tu, baiskeli za mbio za watoto za zamani, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na gia na breki kama za wakubwa, ila unaweza kuibeba kwapani. Ujanani mwetu kila baba wa vilima hivi alijinyima nyama ili mwanawe apate moja, maana kila baba aliamini amezaa bingwa. Wengi walizaa waoka mikate. Baiskeli zikaozea mabandani, Olindo akaziokota, akazipiga msasa na rangi mpaka ukiinama unaona meno yako. Mikono alikuwa nayo, sikatai. Lakini hakuweza kuona kutu akaiacha. Ilimwasha kama upele.

Sasa, kwetu mtoto akifa juu ya baiskeli ya mbio, baiskeli yake hupelekwa kwenye kanisa dogo la mlimani na kutundikwa ukutani vilevile ilivyookotwa. Haioshwi. Matope, damu, mnyororo uliokatika, vyote ni vyake. Ya Tarcisio, mwana wa Armida, ilitundikwa pale tangu barabara ya mlima wa Colma ilipokuwa ya udongo mwekundu. Alikuwa anaongoza mashindano ya watoto siku ya mvua, akaukwea mlima wote, na kwenye mteremko akateleza kwenye kona ya chemchemi. Kichwa kikakutana na jiwe. Basi.

Majira ya baridi paa la kanisa likavuja, padri akamwomba Olindo azihifadhi baiskeli karakanani. Armida mwenyewe, mzee hivyo, alishuka na fimbo yake akamwambia asiiguse ya mwanawe hata kwa mkono wa shati. Olindo akaweka kiganja kifuani akaapa.

Sasa Olindo alikuwa na mjukuu, Ilde, aliyelelewa kwao kwa sababu mama yake alifanya kazi kiwandani mjini. Ilde angeshindana siku ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, na babu alikuwa anamtengenezea baiskeli nyekundu. Ilipungua kitu kimoja, gia ya nyuma, ile ndogo iliyoundwa kwa kipimo cha watoto, ambayo alikuwa ameitafuta katika kila soko la vitu vikuukuu asiipate. Na hiyo hapo, juu ya baiskeli ya Tarcisio, imetulia chini ya matope.

Akaifungua. Halafu, kama walivyo wezi wenye roho nyepesi, akaona aibu, akaamua kumlipa marehemu kwa kuifanya baiskeli yake mpya. Akaikwangua matope yote, akaipiga msasa mpaka chuma kitupu, akaipaka rangi ya samawati. Maji ya kuoshea aliyamwaga mferejini, na nasikia yalikuwa mekundu.

Hapo ndipo mlio ulipoanza, kila mchana, saa ile tunayofunga madirisha ya mbao na kijiji kizima kulala. Baada ya mlio ikaja harufu: mafuta ya kafuri, ile ambayo wengine huiita karafuu maiti, ambayo baba wa zamani waliwakandia watoto wao miguu kabla ya mashindano. Ilipanda ngazi kutoka karakanani kama mtu mwenye haja zake. Ikapita jikoni. Ikaingia chumbani kwa Ilde, haikutoka.

Mtoto akaanza kukonda. Alikula polenta, ule ugali wetu wa mahindi, ya watu wazima wawili na bado mifupa ikamtoka. Nives alipomwuliza, alisema analala vizuri, ila anaamka amechoka miguu.

Mchana mmoja Nives aliingia chumbani kwake bila viatu. Dirisha limefungwa, mwanga umepenya mistari mistari, na Ilde amelala chali, amefumba macho, na chini ya shuka miguu yake inakwenda, inazunguka, mmoja juu mmoja chini, kwa nguvu ya mtu anayekwea mlima, na pumzi zake ni nzito na za haraka, na katikati ya pumzi zake Nives akasikia pumzi nyingine, nyembamba, isiyotoka kwenye kile kifua, na mlio ule wa tiki-tiki uko humo humo chumbani ingawa hamna gurudumu, na alipoishika shuka akaifunua aliona miguu ya mtoto imejaa matope mekundu mpaka magotini, mabichi, matope ya barabara iliyotiwa lami kabla mama yake Ilde hajazaliwa.

Midomo ya mtoto ikafunguka. Sauti ikawa ya mvulana, ya adabu, iliyochoka.

"Nimefika wapi?"

Nives hakupiga kelele. Alifunika ile miguu, akashuka karakanani akamkuta mumewe amekaa na kitambaa mkononi.

"Wewe mzee, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mtoto yupi?"

"Usiniulize yupi."

Olindo akamweleza yote kwa sauti ya chini, akiiangalia ile rangi ya samawati. Jioni ile Olindo aliirudisha gia mahali pake. Haikusaidia. Kesho yake miguu ilizunguka haraka zaidi, na mlio ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeanza kuteremka.

Anayejua kuondoa mambo ya namna hii kwetu alikuwa mmoja tu, anayedondosha mafuta kwenye sahani ya maji na kusema maneno aliyofundishwa na mama mkwe wake usiku wa Krismasi, maana usiku mwingine hayafundishwi. Naye alikuwa Armida. Olindo alikataa katakata kwenda. Nives akajifunga kitambaa kichwani akaenda yeye.

"Kafuri inapita mlangoni kwangu siku hizi," Armida alisema kabla hajasalimiwa, "na mimi sina tena mtu wa kumkanda miguu. Ameyafuta matope yale?"

"Ameyafuta, dada."

"Yote?"

"Na rangi kaipaka. Samawati."

"Ilikuwa kijani. Baba yake aliipaka kijani."

Akadondosha mafuta sahanini. Badala ya kutawanyika, tone likaanza kuzunguka ukingoni, polepole, kisha mbio. Armida akalitazama kama mtu anayetazama barabara.

Akasema matope yale yalikuwa ndiyo njia mwanawe aliyokwisha kuipanda. Kwa kuwa yalikuwepo, alipumzika. Sasa amerudishwa mwanzo, na mtoto akirudishwa mwanzo hutafuta miguu. Kila mchana anafika mbele kidogo. Akiifikia kona ya chemchemi, wataanguka wawili.

"Aliyeyafuta ndiye atakayeyapaka," alisema. "Aipande yeye, ampeleke mpaka kwenye kona ile. Asishuke njiani."

Nives akauliza mvulana atataka nini akishafika.

"Sijui. Mimi ni mama yake, sikuwa bosi wake."

Kesho yake mchana, katika mvua, Olindo alitoka na ile baiskeli ya mtoto, magoti yanamgonga kidevu, mzee mzima. Siku nyingine tungecheka mpaka tujikojolee. Siku ile tulifungua madirisha kidogo tu, maana alikuwa peke yake na nyuma yake ilisikika pumzi ya pili. Yeye mwenyewe alituambia baadaye kwamba penye nyumba ya mwisho alihisi vidole vidogo vikimshika kiunoni, baridi, na kafuri ikamjaa kooni, na lami chini yake ikalainika, ikawa udongo, ukamrukia usoni na mgongoni na kwenye samawati yake yote, na alipotaka kusimama apumue vile vidole vilimkaza, na sauti ikamwuliza sikioni kwa adabu kama ni bado mbali, naye akajibu kwa kilio kwamba si mbali, mwanangu, si mbali, akakwea, akakwea, akaanza kuteremka bila breki mpaka akaisikia chemchemi.

Pale vidole vilimwachia.

Nyumbani miguu ya Ilde ikasimama katikati ya mzunguko. Akafumbua macho akaomba mkate na jibini, na Nives akamkatia, akamkatia tena.

Olindo tulimkuta amelala nyasini, baiskeli ameikumbatia kifuani, imejaa matope mekundu ambayo mvua haikuweza kuyaosha. Alitwambia tusiifute. Tukamwambia asimame. Akatutazama kama tumemwomba aruke.

Madaktari wa mjini walimpima, hawakuona kilichovunjika. Ilde anakimbia na kupanda miti. Olindo anabebwa kutoka kitandani asubuhi na kurudishwa jioni, kwa sababu Tarcisio alishuka pale kwenye kona na akaenda zake na miguu yote miwili ya mzee. Viatu vya Olindo vya Jumapili vina miaka mingi sasa, na soli bado zina rangi ya dukani.