Silinda Sita Kivukoni Luama

Ijumaa, jioni

Chumba cha nyuma cha baa ya Marie-Thérèse, mjini Kasongo. Placide alivaa tai. Mvunja milango, tai shingoni! Alisoma kwa mapadri miaka miwili tu, na tangu hapo kila mtu kwake ni mshenzi.

“Kwa garage ya ule muzungu iko gari mbili za mupya za mbio,” alisema. “Bado kuuzishwa. Moja silinda ine, nyepesi. Bei itakuwa elfu makumi munane. Ingine silinda sita, inapita tani moja. Laki na nusu. Mutu wa Kabambare atatupa nusu ya bei, aipitishe Urundi. Tunakamata ile ya silinda sita.”

“Tukamate ile nyepesi ya silinda ine,” alisema Zuberi. “Kivuko ya Luama ni mitumbwi na mbao tu.”

Zuberi aliwahi kupiga kasia mtoni Luama. Baadaye akaiba, akafungwa. Akishikwa tena, jaji alishamwambia, atahamishwa mbali na kijiji chake cha Wamaza na mkewe Marcelline hatamwona tena. Alikuwa akiogopa, na hakuficha.

“Mupiga kasia ananifundisha motere?” Placide alicheka.

Célestin, fundi wao, alimtetea.

“Anasema kweli, muzee. Uzito yote ya ile sita iko mbele, kwa motere.”

“Funga kinywa. Gari ya bei chini ni ya makarani.”

Jumamosi, mchana

Wazungu walikuwa wamelala usingizi wa mchana. Célestin akakata kufuli. Gari likanguruma hadi sokoni, na Placide, bwege wa mabwege, akawapungia watu mkono. Mwizi gani huaga?

Jumamosi, alasiri

Luama ilikuwa imejaa. Nyuma yao, vumbi la lori la polisi.

“Ingiza kinyumenyume,” alisema kapita, msimamizi wa kivuko. “Motere ibakie upande wa inchi kavu. Siye tutakaa upande wa pili, tusawazishe. Camion zote za mizigo zinaingia vile.”

“Mimi niingie matako mbele? Toka, mushenzi!”

Célestin na Zuberi walishuka.

“Zuberi, mwambie!” Célestin alisema. “Atazama!”

Zuberi alitazama lile vumbi. Akavua shati, akachukua kasia, akasimama ukingoni katikati ya wapiga kasia, kama mmoja wao.

Placide akakanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yalipofika mwisho wa mbao, mitumbwi ikainama, na silinda zote sita zikaenda majini pamoja na tai. Célestin akajitupa mtoni.

Lori likafika. Sajini akaruka chini, akamshika bega Zuberi, aliyekuwa karibu zaidi.

“Wezi walikuwa wangapi?”

Kapita alimtazama Zuberi, akatema mate, akageuka kufunga mitumbwi.

“Wawili, chef,” alisema Zuberi. “Mumoja amezama.”

Akanyoosha kasia kumwonyesha wa pili. Célestin alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, bado akipapasa kumtafuta Placide.