Gari la Gordon na Mwanamke wa Miwani

“Uko wapi, babe?” Nelima aliuliza, simu sikioni, mfuko wa nyanya mkononi.

“Naendesha, mpenzi. Acha nisipigwe faini, nitakupigia.”

Gordon akakata. Hapo hapo sokoni Mamboleo, gari lake likapita polepole mbele ya Nelima. Aliyeshika usukani ni mwanamke wa miwani, anacheka meno yote nje! Gordon ametulia kando yake kama abiria.

Woi! Kesho walikuwa wanangojewa kwa kina Nelima, Port Victoria, Gordon ajitambulishe kwa wazazi. Mama alishatangazia kanisa zima kwamba mkwe anakuja na gari lake.

Akatuma ujumbe: “Kesho usije kwetu. Huyo anayekuendesha akupeleke kwao.”

Nusu saa haikuisha, Gordon akashuka kwa tuktuk nje ya nyumba ya Nelima, Migosi. Akaigonga ndoo kando ya mlango, maji yakamwagika.

“Nelima, yule ni Caren, binti ya shangazi yangu.”

“Nyinyi wanaume mkishikwa, mashangazi hawawaishii!”

“Mpigie umuulize. Gari ni lake. Nilimuuzia mwezi uliopita.”

“Na ukaniambia unaendesha?”

Gordon akaketi kizingitini.

“Ni presha ya macho. Vitu vya pembeni sivioni tena. Daktari amesema nisiguse usukani maisha yangu yote.”

Hasira zikamtoka Nelima, hofu ikaingia.

“Na ukanificha mimi?”

“Mama yako akipiga simu anauliza gari kabla hajauliza afya yangu. Niliogopa kukupoteza. Kesho Caren angetupeleka, ajifanye dereva wangu.”

“Gordon wewe! Mtu mzima!” Alikuwa analia huku anacheka. “Tulipendana ukipanda matatu kama mimi. Umesahau? Ugonjwa usinifiche tena. Umenisikia?”

“Nimesikia.”

Nelima akampigia mama yake, spika wazi.

“Mama, kesho tunakuja na matatu. Gordon ana shida ya macho, haendeshi tena. Gari ameuza.”

Gordon akaukamata mkono wa Nelima.

“Na bado ndiye unamtaka?” mama akauliza.

“Ndiye, mama.”

“Lakini babako ameshinda akikata ua apanue geti!”

“Pole kwake.”

Mama akashusha pumzi.

“Basi mkishuka steji umshike mkono, hapo kuna mtaro. Na asile njiani, kuku tumeshamfunga. Mwambie firigisi, kipande cha mkwe, ni yake, awe na gari asiwe nalo.”